Nani Analipia Karakana?

Mwaka 1986 Rais Daniel arap Moi, ambaye wakati huo ndiye aliyekuwa pia mkuu wa Chuo Kikuu cha Nairobi, aliwapa wahandisi wa chuo hicho kazi ambayo hawakuitarajia: watengeneze gari. Hakutaka wapoteze muda wakitafuta uzuri. Hata likiwa na sura mbaya, hata likienda polepole, mradi liwe limetengenezwa Kenya na Wakenya. Miaka minne baadaye, Februari 1990, magari yalitolewa hadharani katika uwanja wa michezo wa Kasarani. Yaliitwa Nyayo Pioneer. Magari ya majaribio yalikuwa matano, na katika majaribio yalifikisha mwendo wa kilomita 120 kwa saa.

Ulikuwa mwezi mgumu. Nchi ilikuwa katika msiba wa Waziri wa Mambo ya Nje, Robert Ouko, aliyeuawa siku chache kabla, na serikali ilikuwa na haja kubwa ya habari njema. Ila furaha ya watu kwa magari yale haikuwa ya kulazimishwa. Wakenya hawakuwa wageni wa kazi hii. Tangu katikati ya miaka ya 1970, viwanda vya Thika, Mombasa na Nairobi vilikuwa vikiunganisha malori na pikapu za kigeni kutokana na vipande vilivyofika ndani ya makasha. Fundi aliyekaza boliti za lori la Leyland pale Thika alilijua lori lile nje na ndani. Asichokuwa nacho ni idhini ya kubadilisha hata boliti moja, kwa sababu mwenye mchoro alikuwa Ulaya. Thamani ya Pioneer ilikuwa hapo, kwenye mchoro. Kwa mara ya kwanza mhandisi wa Nairobi aliweza kufuta mstari na kuuchora upya bila kumwomba mtu ruhusa.

Aliyelipa alikuwa mmoja, Hazina ya serikali. Wataalamu walitoka chuo kikuu, na kazi nzito ya chuma ikapelekwa kwenye karakana za Shirika la Reli, ambazo historia yake inarudi hadi siku ambazo Nairobi yenyewe ilikuwa kituo tu cha reli ya Uganda. Huko ndiko kulikokuwa na tanuri za kusubu chuma, mashine kubwa za kukereza, na mafundi waliojua kutengeneza kwa mikono kipuri cha garimoshi ambacho kiwandani kwao kilishaacha kutolewa. Ndoa hii ya wahadhiri na mafundi wa reli ndiyo sehemu ya hadithi inayosimuliwa kidogo kuliko zote, nayo ndiyo iliyozaa matunda ya kudumu.

Baada ya Kasarani, mpango ulikuwa kutengeneza magari kwa wingi. Likaundwa Shirika la Magari la Nyayo, na hesabu zikaonyesha kwamba kiwanda kingehitaji mabilioni ya shilingi. Serikali ikatazamia kwamba wawekezaji binafsi wangejitokeza kubeba sehemu ya mzigo. Hawakujitokeza. Novemba 1991 nchi wahisani zilizokutana Paris zilisimamisha misaada mipya kwa Kenya, zikidai mageuzi ya kisiasa na ya uchumi. Miaka miwili iliyofuata ilikuja na mfumuko mkali wa bei, na kashfa ya Goldenberg ikatafuna fedha za umma. Katika hali hiyo hakuna waziri ambaye angesimama bungeni kuomba mabilioni ya gari. Pioneer haikuwahi kuuzwa.

Mwaka 1994 shirika liligeuzwa na kupewa jina la Numerical Machining Complex, likabaki palepale kwenye eneo la karakana za reli, likitengeneza vipuri vya viwanda. Wengi huitaja hatua hii kama kaburi la mradi. Inastahili kutazamwa kwa jicho jingine. Kiwanda cha sukari kinategemea gia kubwa zinazozungusha vinu vya kusaga miwa. Jino moja la gia likivunjika katikati ya msimu, miwa iliyokwisha kukatwa huanza kupoteza utamu shambani na kwenye matrekta, na kila siku ya kungoja meli ilete gia kutoka ng'ambo ni hasara kwa mkulima. Karakana inayoweza kuipima gia iliyovunjika, kuichora, kusubu nyingine na kuikata meno kwa mashine inayoongozwa na kompyuta ni mali ya taifa. Mashine hizo zililetwa kwa ajili ya gari. Gari lilikufa, mashine zikaishi.

Tatizo la Pioneer halikuwa kwamba serikali ndiyo iliyolipa. Tatizo ni swali ambalo serikali ililipia. Ikulu ilitaka kujua kama Mkenya anaweza kutengeneza gari. Wahandisi walijibu kwa vitendo, na jibu lilipopatikana mbele ya kamera, agizo likawa limekwisha. Maswali ya mwaka wa pili hayakuwa na mlipaji: nani atalinunua, kwa bei gani, spea zake zitapatikana Kisumu na Garissa, injini ikiharibika ni gereji gani itaifungua. Maswali haya hayana sherehe, lakini ndiyo kazi yenyewe ya uhandisi.

Habari ya mwenye fedha kuchagua swali ilianza zamani kuliko Moi. Mombasa mwaka 1948, Gavana Philip Mitchell alisimamia mpango wa kujenga chuo cha ufundi kwa ajili ya vijana wa Kiislamu wa Afrika Mashariki, ambao serikali ya kikoloni ilikuwa imewaacha nyuma kielimu. Agha Khan alitoa fedha, Sultani wa Zanzibar akatoa, jamii ya Mabohora ikatoa, na fedha za maendeleo ya makoloni kutoka London zikajazia. Chuo kikaitwa Mombasa Institute of Muslim Education, kwa kifupi MIOME. Kwenye majengo yake ya Tudor vijana walifunzwa uhandisi wa mitambo, umeme na kazi za melini, fani zilizohitajika katika mji wa bandari. Huu ulikuwa mchango mkubwa wa watu binafsi katika ufundi wa pwani, na ulifanya kazi, kwa sababu waliotoa fedha walijenga karakana na kuajiri walimu, wakakiacha chuo kisonge mbele. Masharti yao yalihusu mwanafunzi: awe Mwislamu. Baada ya uhuru milango ilifunguliwa kwa wote, chuo kikabadilika kuwa taasisi ya ufundi, kisha politekniki, na mwaka 2013 kikawa Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa.

Nairobi nako fedha za umma na za watu binafsi zilikutana mapema. Royal Technical College ilipata hati yake mwaka 1951 na kupokea wanafunzi wa kwanza mwaka 1956. Wakati huohuo jamii ya Wahindi wa Afrika Mashariki ilikuwa imechanga fedha za kujenga chuo cha kumkumbuka Gandhi, na badala ya kuwa na vyuo viwili vinavyogombea walimu, michango hiyo ikaunganishwa na chuo cha serikali. Mwaka 1956 Makamu wa Rais wa India, Sarvepalli Radhakrishnan, alifunua sanamu ya Gandhi iliyopo pale hadi leo. Chuo hicho ndicho kilichokuja kuwa Chuo Kikuu cha Nairobi. Katika enzi ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kati ya 1963 na 1970, kazi ziligawanywa: udaktari Makerere, sheria Dar es Salaam, uhandisi Nairobi. Kijana wa Tabora au Gulu aliyetaka kuwa mhandisi alipanda basi au treni kwenda Nairobi.

Muungano huo wa vyuo ulipovunjika, kila nchi ililazimika kuanzisha kitivo chake. Dar es Salaam ilifungua kitivo cha uhandisi mwaka 1973 kwa msaada mkubwa wa Ujerumani Magharibi. Tanzania ya Azimio la Arusha iliamini kwamba ufundi ni kazi ya dola, hivyo ikajenga mlolongo wa taasisi za umma: SIDO mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, TIRDO kwa utafiti wa viwandani, na kule Arusha TEMDO na CAMARTEC kwa mashine na zana za kilimo. Kenya iliunda baraza lake la sayansi na teknolojia mwaka 1977. Kwa muda mfupi ilionekana kwamba mhandisi kijana angetoka darasani moja kwa moja kuingia taasisi yenye karakana, mshahara na kazi ya kufanya.

Kisha zikaja sera za marekebisho ya uchumi. Katika miaka ya 1980 Benki ya Dunia ilitetea kwamba shilingi iliyowekwa kwenye shule ya msingi inalipa kuliko iliyowekwa chuo kikuu, na serikali zenye madeni zikasikiliza. Bajeti za vyuo zikapungua, mashine za maabara zikazeeka bila kubadilishwa. Makerere ilianza kupokea wanafunzi wa kujilipia mwaka 1992, na Nairobi ikafuata kwa mpango wake mwaka 1998. Hapa ndipo fedha za watu binafsi zilipoingia chuoni kwa wingi, na wengi walidhani zingeokoa utafiti. Hazikuokoa. Mzazi anayelipa karo hununua nafasi darasani na cheti. Halipii mashine ya kupima uimara wa chuma. Vyuo vikaongeza madarasa ya jioni na kozi zisizohitaji karakana, kwa kuwa kozi ya biashara inataka ubao na mwalimu, na uhandisi unataka tanuri. Mahmood Mamdani alieleza kwa kina jinsi Makerere ilivyogeuzwa na soko katika kitabu chake cha 2007, na mengi aliyoyaona Kampala yalitokea pia katika vyuo vya jirani. Wahadhiri walichoka kwa kufundisha saa za ziada, na utafiti ukawa jambo la mwenye bahati ya kupata ruzuku kutoka nje.

Hiyo ruzuku ya nje ndiyo inayosahaulika kila watu wanapobishana kama ni serikali au ni sekta binafsi inayopaswa kulipia utafiti. Takwimu za mwaka 2010 zilizokusanywa kwa ajili ya UNESCO zilionyesha kwamba karibu nusu ya fedha za utafiti na maendeleo nchini Kenya zilitoka nje ya nchi. Uganda ilikuwa zaidi ya nusu, na Tanzania asilimia 40 na ushei. Kampuni za biashara za Kenya zilichangia sehemu ndogo mno. Fedha za wahisani zimeokoa maisha ya watu wengi katika tiba na kilimo, na hakuna sababu ya kuzibeza. Lakini huja na mada zake, na mada hizo ni nadra kuwa giaboksi, tanuri au mota ya umeme.

M-Pesa inaonyesha jambo hili vizuri kuliko mfano mwingine wowote. Mbegu yake ilipandwa na mfuko wa serikali ya Uingereza ulioundwa kusukuma huduma za fedha kwa maskini. Ulitoa karibu pauni milioni moja, na Vodafone ikatoa kiasi cha kulingana nacho. Majaribio yalianza mwaka 2005, na huduma ikafunguliwa kwa umma Machi 2007. Programu yake iliandikwa Uingereza na kampuni ya Sagentia, na kwa miaka kadhaa seva zilizobeba miamala ya Wakenya zilikaa Ujerumani, hadi zilipohamishiwa Kenya mwaka 2015. Wakala wa Gikomba, mama mboga wa Nakuru na mfanyakazi anayetuma hela kijijini ndio walioifanya ikawa kitu cha ajabu duniani. Ila msimbo wenyewe, sawa na mchoro wa lori la Leyland, ulikaa ng'ambo.

Kwa miaka mingi imesimuliwa kwamba M-Pesa ilibuniwa na mwanafunzi wa chuo kikuu cha Kenya, kisha wazo lake likachukuliwa na wakubwa. Safaricom imelikanusha dai hilo, na kumbukumbu za mradi zinaonyesha njia tofauti. Hata hivyo, hadithi hiyo inaendelea kusimuliwa kwenye matatu na mabwenini kwa sababu inagusa kitu ambacho wanafunzi wanakijua. Kijana mwenye wazo hana pesa ya kulisajili, hana wakili, na chuo chake hakina ofisi ya kumshika mkono hadi sokoni. Anapoona kitu kinachofanana na ndoto yake kinatajirisha kampuni, huona ameibiwa hata kama hakuibiwa.

Uganda ilijaribu njia nyingine, na wa kwanza kusukuma walikuwa wanafunzi wenyewe. Wanafunzi wa Makerere walishirikishwa katika mradi wa kimataifa wa kubuni gari ulioratibiwa na wanafunzi wa chuo cha MIT cha Marekani, na gari hilo likaonyeshwa Turin, Italia, mwaka 2008. Waliporudi Kampala walikuwa wameshaona kwamba hakuna uchawi. Kama wameweza kubuni sehemu ya gari wakiwa na wenzao wa mabara mengine, kwa nini wasitengeneze zima nyumbani? Chini ya Profesa Sandy Stevens Tickodri-Togboa na mhandisi Paul Isaac Musasizi, walijenga Kiira EV, gari la umeme la watu wawili, lililojaribiwa barabarani mwezi Novemba 2011 na kuzinduliwa na Rais Yoweri Museveni mwezi huohuo. Fedha zilitoka kwenye mpango wa rais wa kusaidia sayansi na teknolojia pale Makerere.

Hadi hapo, historia ilikuwa ikijirudia: rais, chuo kikuu, gari, kamera. Tofauti ilikuja baadaye. Kiira haikuachwa baada ya uzinduzi. Mwaka 2014 lilifuata gari la pili, na Februari 2016 basi la Kayoola, lenye paneli za jua juu ya paa na viti 35. Kundi la wanafunzi na walimu likageuka kuwa Kiira Motors, kampuni ambayo serikali inamiliki asilimia 96 na Makerere asilimia 4. Ardhi ya kiwanda ikapatikana Jinja, na mabasi ya umeme ya awali yakajengwa kwa ushirikiano na Luwero Industries, kiwanda cha jeshi huko Nakasongola. Uamuzi wa kuacha gari dogo na kushika basi ulikuwa wa busara kubwa. Gari dogo lingelazimika kushindana na Toyota iliyotumika kutoka Japani, na katika shindano hilo wachache hutoka salama. Basi lina mnunuzi mmoja mkubwa anayejulikana, serikali, na kazi yake ya kila siku mjini inafahamika kwa kilomita, kwa hiyo betri inaweza kupimiwa safari.

Zipo lawama za haki. Mradi umekula fedha nyingi za umma kwa muda mrefu, ratiba za kiwanda zimesogezwa tena na tena, na walipa kodi wana haki ya kuuliza kila mwaka. Lakini uhandisi ulipewa kitu ambacho Pioneer haikupewa, yaani muda wa kukosea na kurudia. Mhandisi aliyeunganisha nyaya za Kiira EV akiwa mwanafunzi aliweza kuonekana miaka kumi baadaye akisimamia wengine kazini. Ujuzi wa namna hiyo hauandikwi kwenye ripoti. Hukaa mikononi na kichwani mwa watu, na kundi likitawanyika unapotea nao.

Kwa upande wa fedha binafsi, Kenya ina Mobius. Joel Jackson, Mwingereza aliyekuja Kenya kufanya kazi na wakulima wa Kilifi, aliona jinsi magari ya kawaida yanavyopondwa na barabara za mashambani, akaamua kutengeneza gari imara na la bei nafuu. Gari la kwanza lilijengwa pwani. Mobius II ilipotangazwa bei yake ilikuwa karibu shilingi 950,000 za Kenya, ikiwa haina kiyoyozi wala madoido. Kampuni iliendeshwa kwa mitaji ya wawekezaji na ikapata pia mkopo wa shirika la serikali ya Marekani linalosaidia uwekezaji wa nje. Mwekezaji aliuliza maswali yaleyale ambayo Ikulu ya 1986 haikuyauliza: mteja ni nani, faida iko wapi. Hilo ni jema. Shida ni kwamba aliyauliza mapema mno na kwa haraka mno, katika nchi ambayo mtu mwenye shilingi milioni moja hununua gari la Japani lenye umri wa chini ya miaka minane, lenye redio na kiyoyozi, na spea zake zimejaa kila mtaa. Baadaye Mobius ilikuja na toleo la bei ya juu zaidi, lililoegemea gari la kutoka China. Agosti 2024 kampuni ilitangaza kufungwa kwa sababu ya madeni na hali ya biashara, kisha akatajwa mnunuzi wa kuinusuru.

Ipo mifuko midogo ambayo imefika mbali kuliko mikubwa. Kule Arusha na Meru, maji ya visima vingi yana floraidi nyingi kiasi cha kuyapaka meno rangi ya kahawia tangu utotoni, na kwa wengine kupinda mifupa. Serikali ya Tanzania kwa miaka mingi imekuwa na kituo cha utafiti wa jambo hilo Ngurdoto, ambako mkaa wa mifupa ya ng'ombe hutumika kunyonya floraidi. Askwar Hilonga, mzaliwa wa Gongali wilayani Karatu, alisomea udaktari wa falsafa Korea Kusini katika teknolojia ya nano, akarudi kufundisha katika Taasisi ya Nelson Mandela pale Arusha, chuo cha umma. Akabuni chujio linalopitisha maji kwanza kwenye mchanga, halafu kwenye vitu vya nano vinavyoweza kupangwa kulingana na uchafu wa maji ya mahali husika: floraidi huku, metali nzito kule, vijidudu kwingine. Mwaka 2015 alikuwa mshindi wa kwanza kabisa wa Tuzo ya Afrika ya Royal Academy of Engineering ya Uingereza, pauni 25,000. Kwa bajeti ya kiwanda cha magari, hizo ni hela za boliti. Kwake zilitosha kuanza kuuza vyujio na kufungua vituo vya watu kununua maji safi. Mshahara na maabara vilitoka serikalini, tuzo ikatoka nje, mapato yakatoka kwa wanywaji wa maji, na swali likatoka kijijini kwake. Mpangilio huo ni mgumu kuupata, na inasikitisha kwamba hadi leo unategemea bahati.

Kenya ilijaribu kuutungia sheria. Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013 iliunda Mfuko wa Taifa wa Utafiti na kuagiza kwamba Hazina iupe kila mwaka fedha sawa na asilimia 2 ya pato la taifa. Lilikuwa lengo la heshima. Matumizi yote ya utafiti nchini, ya umma, ya kampuni na ya wahisani kwa pamoja, yalikuwa yamefika karibu asilimia 0.8 mwaka 2010. Mfuko haujawahi kukaribia kiwango hicho cha sheria. Ruzuku zimetolewa, wanafunzi wa uzamili na uzamivu wamefaidika, lakini fungu hubadilika na bajeti za mwaka, na utafiti wa miaka mitatu hauwezi kuendeshwa kwa ahadi ya miezi kumi na miwili.

Lakini angani Kenya imefanya vizuri kuliko wengi wanavyojua. Ngomeni, karibu na Malindi, ndiko Waitaliano wa Chuo Kikuu cha Sapienza cha Roma, chini ya Luigi Broglio, walikojenga jukwaa la San Marco baharini na kurusha satelaiti tangu 1967. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya sikukuu ya uhuru, ilirushwa kutoka pale satelaiti ya Marekani ya kuchunguza miale ya eksirei, nayo ikapewa jina Uhuru kwa heshima ya wenyeji. Kwa miongo mingi wenyeji waliona moshi wa roketi na kupata kazi chache. Uhusiano na Sapienza ulikuja kulipa baadaye sana: mwaka 2016 Chuo Kikuu cha Nairobi kilikuwa cha kwanza kuchaguliwa na mpango wa Umoja wa Mataifa na shirika la anga la Japani wa kurusha satelaiti ndogo bila malipo. Kwa msaada wa Waitaliano wakajenga 1KUNS-PF, kijisanduku cha sentimita kumi kila upande chenye kamera mbili. Mei 11, 2018 kikaachiliwa kutoka chumba cha Kibo cha kituo cha anga cha kimataifa. Miaka mitano baadaye, Aprili 2023, Taifa-1 iliruka kwa roketi ya SpaceX. Safari hii mlipaji alikuwa Shirika la Anga la Kenya, kwa takriban shilingi milioni 50, na kampuni ya SayariLabs ya Kenya ikashirikiana na EnduroSat ya Bulgaria. Chuo kikuu kilitangulia kwa msaada wa wageni, kisha serikali ikawa mteja na kampuni ya nyumbani ikapata kazi.

Mlipaji mmoja hajatajwa katika sheria wala katika takwimu za UNESCO. Kila mwaka maelfu ya wanafunzi wa uhandisi Nairobi, Dar es Salaam, Kampala, Mombasa na Juja hutakiwa kufanya mradi wa mwaka wa mwisho. Mmoja atatengeneza mashine ya kukausha mihogo, mwingine kifaa cha kupima kina cha mto kabla ya mafuriko. Vifaa vyake hununua mwenyewe, Luthuli Avenue au Kariakoo: kibao cha saketi, mota, vihisi, waya. Akiunguza kibao, hupiga simu nyumbani. Mradi ukishapewa alama hubaki bwenini au hufunguliwa ili vipande vyake viuzwe kwa wa mwaka wa chini. Mfuko wa utafiti ungeweza kuanzia hapo kesho asubuhi, kwa fungu dogo la kila idara la kununulia vifaa, karakana inayobaki wazi jioni ikiwa na fundi anayelipwa, na nafasi ya mwaka mmoja zaidi kwa miradi michache inayofanya kazi, ili mwenye nayo apate kujua kama kuna mkulima au halmashauri itakayoinunua. Fedha hizo zingekuwa chache sana kando ya mabilioni yaliyotakiwa kwa ajili ya Pioneer, na zingemwondolea mzazi wa kijijini gharama ambayo kwa miaka yote hii amekuwa akiibeba bila jina lake kuandikwa popote.